Kiunzi Kisichoanguka

Kiunzi cha mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji hakianguki. Kile cha mita 110 au 400 ukikigonga kwa goti hulala chini, nawe ukaendelea na safari yako ukiwa umepoteza sehemu ndogo tu ya sekunde. Hiki ni boriti nene ya mbao, kila ubavu wake sentimita 12.7, iliyokazwa juu ya miguu mizito, na kiunzi kizima kina uzito wa kati ya kilo 80 na 100. Anayekigonga ndiye anayeanguka. Kimo chake ni sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Mkimbiaji hukutana nacho mara 28, na mara 7 zaidi hukuta kingine kimesimama mbele ya shimo la maji. Hakuna mtu mwenye mstari wake peke yake. Wakimbiaji hubanana, viwiko hugusana, na aliye katikati ya kundi mara nyingi hakioni kiunzi mpaka mgongo ulio mbele yake uinuke ghafla.

Katika vikwazo hivyo 35, nchi ya chai ya Kericho na Bomet imetupa mafundi wawili ambao kila kijana mwenye kupenda riadha anapaswa kuwatazama kwa utulivu, akiwarudia tena na tena. Beatrice Chepkoech aliweka rekodi ya dunia ya wanawake mjini Monaco tarehe 20 Julai 2018, dakika 8 na sekunde 44.32. Faith Cherotich wa Kaunti ya Kericho alitawazwa bingwa wa dunia mjini Tokyo Septemba 2025. Watu wengi huwasifu kwa mapafu yao. Mimi nataka kuisifu miguu yao, na macho yao, na subira iliyovifundisha vyote viwili.

Lakini mapafu nayo yapewe haki yake kwanza, na mahali pazuri pa kuyazungumzia ni Londiani. Mji huu mdogo uko upande wa juu wa Kaunti ya Kericho, kwenye kimo cha takriban mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, pale reli ya zamani ya Kisumu ilipopita ikishuka kutoka Mau. Chai yenyewe hushika zaidi ukiteremka kuelekea mjini Kericho. Huku juu ni viazi, mahindi, ng'ombe wa maziwa na msitu, na hapa ndipo kilipo Chuo cha Misitu cha Kenya. Asubuhi ni baridi, ukungu hukawia kuondoka, na vijia vya msituni vimetandikwa majani makavu ya misonobari. Anayetafuta mahali pa kukimbia kilomita nyingi bila kuyaumiza magoti hana haja ya kwenda mbali.

Mexico City, yalikofanyika mashindano ya Olimpiki ya 1968, iko kwenye kimo cha mita 2,240. Kwa hiyo hewa aliyoivuta Amos Biwott wa Nandi siku aliposhinda dhahabu ya kwanza ya Kenya katika viunzi na maji, Benjamin Kogo akiwa wa pili nyuma yake, karibu ni hewa ileile anayoivuta mtoto wa Londiani akienda shule. Katika Olimpiki hiyohiyo Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho, alitwaa fedha ya mita 800. Miaka minne kabla, Tokyo 1964, shaba yake katika mbio hizo ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Kenya. Ukoo wa wakimbiaji wa nchi hii ni mrefu.

Kwenye kimo cha namna hii mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa Mombasa, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Figo huuhisi upungufu huo, zikatoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo huuchochea uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Mazoezi ya miaka huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na huongeza mitokondria, ambamo oksijeni hutumika kutoa nishati. Katika miaka ya 1990 mwanafiziolojia Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia walikuja Bonde la Ufa kuwapima wanariadha na wanafunzi. Walikuta kwamba wavulana waliozoea kutembea na kukimbia kwenda shule walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia oksijeni kuliko wenzao wasio na mazoea hayo. Walikuta pia kwamba wakimbiaji wa Kenya walitumia oksijeni kidogo kuliko wakimbiaji wa Skandinavia walipokimbia kwa kasi ileile.

Hayo ni kweli, na yameandikwa sana. Hata hivyo pafu haliruki.

Tupige hesabu kidogo. Mwanamke wa kilo 50, akivuka kiunzi vizuri, huuinua mwili wake labda sentimita 25 zaidi ya unavyokuwa akikimbia kawaida. Afanye hivyo mara 35, na kazi yote ya kujiinua ni kama kilojuli 4.3, ambayo ni karibu kilokalori moja. Misuli hula takriban mara nne au tano ya kazi inayotoa, basi tuseme kilokalori 5. Kuzikimbia kilomita tatu zenyewe humgharimu kama kilokalori 150. Kupanda, kwa hesabu hii ya kukadiria, ni kama asilimia 3 tu ya gharama.

Sasa tuitazame saa. Daniel Komen alikimbia mita 3,000 za kawaida kwa dakika 7 na sekunde 20.67 mwaka 1996, na rekodi hiyo ikadumu hadi 2024. Rekodi ya dunia ya wanaume katika viunzi na maji ni dakika 7 na sekunde 52.11, aliyoiweka Lamecha Girma wa Ethiopia mjini Paris mwaka 2023. Tofauti ni sekunde 31 na kidogo, karibu asilimia 7. Hata ukikumbuka kwamba kiunzi cha wanaume ni kirefu zaidi, na kwamba hao ni watu wawili tofauti, kupanda peke yake hakutoshi kueleza muda wote huo. Sehemu kubwa hupotelea kwingine: katika vihatua vifupi vya wasiwasi kabla ya kiunzi, katika kukaa hewani kuliko inavyohitajika, katika kutua kwa kisigino goti likiwa limenyooka hata mwili ukasimama kwa kitambo, kisha katika nguvu za kuurudisha mwendo uliovunjika. Sekunde 31 ukizigawa kwa vikwazo 35 hupati hata sekunde moja kwa kila kikwazo. Hiyo ndiyo hasara ya mafundi. Mwanafunzi hupoteza zaidi, na hakuna damu nyekundu ya kumlipia deni hilo mzunguko baada ya mzunguko.

Kwa hiyo tuitazame kazi yenyewe, kuanzia pale inapoanzia, yaani machoni. Mkimbiaji wa mita 400 viunzi, mtu wa daraja la John Akii-Bua wa Uganda aliyevunja rekodi ya dunia kwa sekunde 47.82 pale Munich mwaka 1972, hujua idadi ya hatua zake kati ya kiunzi na kiunzi, na huzishika. Katika mita 3,000 hesabu hiyo haifai kitu. Mwendo hubadilika kila mzunguko, mtu hujiingiza mbele yako, mwingine hukusukuma nje ya mstari, na umbali wa takriban mita 80 kati ya vikwazo hukatwa leo kwa hatua hizi na kesho kwa hatua nyingine. Mkimbiaji analazimika kukisoma kiunzi kinavyomjia na kurekebisha urefu wa hatua zake mapema, kidogokidogo, ili asifike karibu mno wala mbali mno. Mwanafunzi hurekebisha hatua mbili za mwisho, na kila mtu uwanjani humwona akisitasita. Fundi huanza mapema na kuligawa kosa katika hatua nyingi, kila moja ikibeba sehemu yake ndogo, hata mtazamaji asione lolote. Ndiyo sababu kumtazama Chepkoech katika siku zake bora kunaweza kukudanganya: unadhani viunzi vimepangwa kwa kipimo cha miguu yake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1982 David Lee na wenzake huko Uingereza waliwapiga picha za filamu warukaji wa masafa, watu ambao kila mtu aliamini kwamba hukimbia kuelekea kwenye ubao kwa hatua zilizokaririwa. Picha zilionyesha kitu kingine. Tofauti ndogondogo za hatua zilikuwa zikijikusanya kadiri mbio zilivyoendelea, kisha katika hatua chache za mwisho zikafutwa, kwa sababu macho yalikuwa yameshika usukani. Ikiwa mrukaji aliye peke yake, asiyesukumwa na yeyote, humaliza kwa macho, je, huyu aliyezungukwa na wenzake 14 huku kifua kinamwaka moto?

Zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, mjini Moscow, Nikolai Bernstein alikuwa ameliona jambo hilihili mahali ambapo hapakuwa na uwanja wala kocha. Katika miaka ya 1920 aliwapiga picha wafanyakazi wenye uzoefu wakigonga patasi kwa nyundo, na akafuata mwendo wa bega, kiwiko, kifundo cha mkono na kichwa cha nyundo. Nyundo ilifika palepale pigo baada ya pigo. Viungo vya mkono, kinyume chake, havikupita njia ileile mara mbili. Bega likizidi kidogo, kiwiko kililipa. Kiwiko kikipungua, kifundo kiliongeza. Bernstein akafikia hukumu ambayo wataalamu wa ujuzi wa mwili bado wanajenga juu yake: mazoezi mazuri ni kurudia kazi ya kulitatua tatizo, kila mara upya, na wala si kulikariri jibu moja.

Hakuna haja ya kwenda Moscow kuliona hili. Simama kando ya shamba la chai umtazame mchumaji wa miaka mingi. Anatafuta majani mawili na chipukizi moja, hakuna matawi mawili yanayolingana, kichaka kimoja kimeinama na kingine kimebanwa, na bado vidole hufika, hukata, hutupa kikapuni, bila yeye kuonekana akifikiri. Mkono wake haurudii mwendo mmoja mara elfu. Unalipata jibu mara elfu. Mguu wa mrukaji viunzi ni hivyohivyo.

Ujuzi wa namna hii hupatikanaje? Polepole, na kwa mpangilio. Nimewatazama wanafunzi katika viwanja vya shule za huku juu, na kazi huanza na vitu duni kabisa: mstari uliochorwa kwenye nyasi, kisha gogo lililolazwa chini, kisha gogo lililopandishwa juu ya mawe, na mwisho boriti juu ya vigingi viwili. Anayeanza huruka juu mno, kwa woga ulio wa haki, kwani amekwisha kuambiwa kwamba mbao hii haina huruma. Mikono hutawanyika. Mguu wa nyuma huburutwa moja kwa moja badala ya kufunguliwa pembeni kutoka kwenye nyonga, na goti hupita karibu sana na boriti. Mwalimu mwenye busara hamtajii makosa yote hayo. Humpa neno moja la kushika.

“Macho mbele, mama! Usipunguze!”

“Sawa, mwalimu.”

Naye hurudi mwanzo wa mstari. Kuna elimu ndani ya ufupi huo. Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake, uliofanywa kwa zaidi ya miaka 20 katika michezo mingi, umeonyesha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akili yake ikielekezwa kwenye matokeo ya mwendo kuliko ikielekezwa kwenye kiungo. Mwambie msichana akunje goti kwa pembe fulani, naye atakauka mwili mzima. Mwambie aendelee kuutazama mti ulio mwisho wa uwanja, na goti litajikunja lenyewe. Makocha wengi wa vijijini walilijua hili kabla halijaandikwa popote.

Kisha huja mguu wa pili. Kila mtu ana mguu anaopenda kuutanguliza, na mashindano ya shule unaweza kuyashinda kwa mguu huo mmoja. Lakini anayetanguliza mguu mmoja tu hulazimika kupunguza mwendo kila kiunzi kinapomkuta kwenye mguu asioupenda, na hiyo yaweza kuwa karibu nusu ya safari yote. Anayeweza kutanguliza wowote amejipunguzia kazi: badala ya kuisubiri hatua moja inayofaa katika kila mbili, kila hatua inamfaa. Kuufundisha mguu mzito ni kazi ya kuchosha na ya aibu kidogo, kwa sababu bingwa wa shule hugeuka tena mwanagenzi mbele ya wadogo zake. Hapa ndipo wengi huacha. Wale wasioacha ndio tunaowaona kwenye televisheni.

Na mwalimu achanganye. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walifanya jaribio ambalo kila mwalimu wa michezo anapaswa kulijua. Waliwapa watu kazi ya kuviangusha vizuizi vidogo vya mbao kwa mkono, kwa mipangilio mitatu tofauti. Kundi moja lilimaliza mpangilio wa kwanza wote ndipo likaingia wa pili. Kundi la pili lilichanganyiwa mipangilio bila utaratibu. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa bora waziwazi. Walipopimwa baadaye, kundi lililochanganyiwa ndilo lililokumbuka vizuri zaidi. Mazoezi yanayopendeza macho siku ya leo huenda yasiache kitu kichwani siku ya mashindano. Kwa mrukaji viunzi, hii ina maana ya kuvisogeza viunzi kila mara: leo karibu, kesho mbali, mara baada ya kona, mara kwenye kilima, mara nyuma ya wenzake wawili wanaokiziba kiunzi. Uwanja usio sawa wa shule ya Londiani, wenye bonde upande mmoja na matope upande wa pili, ni mwalimu mzuri kuliko unavyodhaniwa.

Uchovu nao una mahali pake. Ufundi hupandwa mwili ukiwa mpya, asubuhi, kabla ya kilomita nyingi. Baadaye, miezi mingi baadaye, hupelekwa kwenye uchovu kwa makusudi. Katika mizunguko miwili ya mwisho asidi hupanda katika misuli na damu, misuli inayoinua paja hupoteza nguvu, goti hushuka sentimita chache, na sentimita hizo ndizo zilizokuwa nafasi kati ya mguu na mbao. Macho pia huchoka, kwa maana kwamba akili inayopigana na maumivu haina nafasi ya kupima umbali. Ndiyo maana utaona kundi likikimbia mita 1,000 kwa kasi kwanza ndipo liletwe kwenye viunzi. Kinachofunzwa wakati huo ni uamuzi: bado unakiona kiunzi, au umekwisha kukikimbilia ukiwa umefumba macho?

Sasa maji. Shimo, pamoja na kiunzi chake, lina urefu wa mita 3.66. Karibu na kiunzi kina chake ni kati ya sentimita 50 na 70 kutegemea uwanja, kisha chini yake hupanda taratibu mpaka usawa wa njia. Biwott, katika Mexico City, aliwashangaza watu kwa kuruka kutoka kwenye kiunzi hadi ng'ambo ya maji bila kulowa, wapinzani wake wakitoka kwenye shimo viatu vikivuja. Ilikuwa nguvu tupu ya kijana, na dhahabu aliipata. Ufundi uliokomaa baada yake una hesabu nyingine. Mkimbiaji huongeza mwendo kidogo kabla ya kufika, huweka sehemu ya mbele ya wayo juu ya boriti huku goti limekunjwa, na kiwiliwili hupita chini chini juu ya mguu huo, bila kusimama wima. Husubiri mpaka uzito umevuka mbele ndipo asukume, na msukumo huo huelekea mbele kuliko juu. Hutua kwa mguu mmoja kwenye maji ya kifundo, pale shimo linapokaribia kwisha, na hatua inayofuata iko njiani tayari. Kuyakwepa maji yote humtaka aruke zaidi, atue kwa kishindo zaidi, na alipe yote hayo mara saba. Kulowa kidogo ni bei nafuu. Wapo wanaume wachache wanaolivuka shimo bila kukanyaga boriti kabisa, na kwao huokoa muda, lakini huo ni ufundi wa watu waliokwisha kuumaliza huu wa kwanza.

Kwa wanawake ufundi huu ni mchanga. Mbio hizi ziliingia kwenye mashindano ya dunia mwaka 2005 mjini Helsinki, na bingwa wa kwanza alikuwa jirani yetu Docus Inzikuru wa Uganda. Olimpiki ilizipokea 2008. Msichana wa Kericho aliyeanza kuruka miaka hiyo hakuwa na shangazi wa kumwonyesha. Alijifunza kwa kuwatazama wanaume, kwa kuwatazama wapinzani, na kwa kuanguka.

Agosti 2017, katika fainali ya mashindano ya dunia jijini London, Chepkoech alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda. Walipofika kwenye maji kwa mara ya kwanza, yeye alipitiliza. Alilikosa shimo, akasimama, akageuka, akarudi kuliruka huku kundi lote likizidi kutoweka mbele yake. Alilifukuza, akalifikia, akamaliza wa nne. Watu walicheka sana wiki ile. Mimi naona kwamba siku ile alionyesha mapafu yake yote na pengo moja la ufundi kwa pamoja: mwili ulikuwa tayari kwa medali, macho yalikuwa bado yanafuata mazoea ya njia ya kawaida.

Haikutimia hata mwaka mmoja, akafika Monaco. Rekodi ilikuwa dakika 8 na sekunde 52.78, ya Ruth Jebet wa Bahareni. Chepkoech aliipunguza kwa zaidi ya sekunde 8. Aliyemfuata, Courtney Frerichs wa Marekani, alifika kwa dakika 9 na sekunde 0.85. Sehemu kubwa ya mbio zile Chepkoech alikuwa peke yake mbele, na hapo pana siri ya kiufundi ambayo watangazaji hawaitaji: aliyetangulia anaona. Hana mgongo wa mtu unaomzibia boriti, hana kiwiko kinachomhamisha mstari, na mapafu yaliyomweka mbele ndiyo yaliyoyapa macho yake nafasi ya kufanya kazi. Mwaka uliofuata, Doha, alichukua dhahabu ya dunia kwa namna hiyohiyo, kwa kuongoza. Agosti 2024 Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya anayekimbilia Bahareni, aliikosa rekodi ile kwa sehemu 7 za mia za sekunde. Kihatua kimoja cha kusitasita mbele ya kiunzi kimoja hula zaidi ya hapo.

Cherotich ni fundi wa tabia nyingine, na mimi namwona kuwa darasa zuri zaidi kwa wanafunzi. Alizaliwa Julai 2004. Shaba ya dunia ya vijana Nairobi 2021. Dhahabu ya vijana Cali 2022. Shaba ya wakubwa Budapest 2023. Shaba ya Olimpiki Paris 2024, kwa dakika 8 na sekunde 55.15, nyuma ya Yavi na Peruth Chemutai wa Uganda. Kisha Tokyo 2025, dhahabu kwa dakika 8 na sekunde 51.59. Hutaona hapo mrukio wa ghafla. Utaona msichana aliyejifunza kukimbia ndani ya kundi, kuvumilia kuzibwa, kutunza miguu yake mpaka kiunzi cha mwisho, na kila mwaka kukifikia kiunzi hicho akiwa na uchaguzi zaidi kuliko mwaka uliopita.

Upande wa wanaume habari ni nzito zaidi. Kuanzia 1968 hadi 2016 Kenya ilitwaa dhahabu ya viunzi na maji katika kila Olimpiki iliyoshiriki, mara 11. Patrick Sang, ambaye leo dunia inamjua kama kocha wa Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon, alikuwa wa pili mwaka 1992 Wakenya walipozoa medali zote tatu. Tangu 2016 Soufiane El Bakkali wa Moroko ameshinda Olimpiki za Tokyo na Paris, na mwaka 2025 dhahabu ya dunia ikaenda kwa Geordie Beamish wa Nyuzilandi, huku kijana wetu Edmund Serem akipata shaba. Sidhani mapafu yetu yamepungua. Naamini wenzetu wameujifunza ufundi, na sisi tumeendelea kuamini kwamba utajileta wenyewe kwa sababu tumezaliwa mlimani.

Viwanja vingi vya shule zetu havina shimo la maji. Mtoto huruka gogo mwaka mzima, na siku anapolikuta shimo halisi huwa ni siku ya mashindano, mbele ya watu, kifua kikiwaka. Si haki kumpima mtu kwa kitu ambacho hakupewa nafasi ya kujifunza. Shimo la futi 12, kina cha sentimita 50 mwanzoni na kupanda mpaka usawa wa njia, liwekewe mfuniko mazoezi yakiisha ili wadogo wasitumbukie. Boriti moja ya mti wa hapahapa. Maji ya mvua, ambayo Londiani haiyakosi. Mwalimu mmoja anayejua kusema neno moja kwa wakati mmoja. Wakuu wa shule, bodi zenu, na ninyi wa Kaunti ya Kericho mnaopanga bajeti ya michezo: chimbeni shimo hilo mwaka huu, moja tu kwa kuanzia, na mlifungue kwa watoto wa shule zote za jirani.